Kamba inapofupishwa: wanayoyajua wateleza majini kuhusu boti zinazovutana Ziwa Mweru

Injini ya boti inapozimika katikati ya maji, baina ya Kisiwa cha Kilwa na ufuko wa Nchelenge, swali la kwanza la abiria ni nani atakayekuja kuwavuta. Swali la pili kwa kawaida halisikiki, kwa sababu mwenye boti ya pili huwa amekwisha kurusha kamba aliyokuwa nayo, iwe fupi au ndefu, na kuifunga pale mkono wake ulipofika kwanza. Hata hivyo, ni swali hilo la pili, yaani kamba iwe na urefu gani na ifungwe wapi, ambalo mara nyingi huamua kama boti zote mbili zitafika ufukoni au kama msiba wa boti moja utageuka kuwa wa boti mbili.

Wapo watu waliolipima swali hilo kwa sentimita. Si mabaharia wala wavuvi, bali ni wanamichezo wanaovutwa na boti ya mwendo kasi huku wamesimama juu ya ubao mmoja, wakipinda kulia na kushoto kuzunguka maboya. Mchezo wao huitwa slalomu ya majini. Mshindani akishafikia kasi ya juu inayoruhusiwa, haongezewi kasi tena, anafupishiwa kamba. Kinachoupata mwili wake hapo ndicho kinachozipata boti mbili zinazovutana. Tofauti ni kwamba mwanamichezo anaitafuta nguvu hiyo, na nahodha anapaswa kuikwepa.

Mweru lenyewe si ziwa ambalo mtu angechagua kupanga maboya hayo. Limegawanywa na mpaka wa Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na ukubwa wake ni zaidi ya kilomita za mraba 5,000. Mto Luapula huingia upande wa kusini, na maji hutoka kaskazini kwa Mto Luvua, kwenye mji wa Pweto. Kwa ziwa la ukubwa huo kina chake si kirefu, na upepo ukivuma kufuata urefu wa ziwa hakuna cha kuuzuia. Maji ya kina kifupi hutoa mawimbi mafupi, yenye migongo mikali, yanayofuatana upesi, tofauti na mawimbi marefu ya bahari kuu. Slalomu, kinyume chake, hupenda maji yaliyolala kama kioo, na mara nyingi huchezwa kwenye mabwawa yaliyochimbwa kwa ajili yake. Lakini kamba haijui kama imefungwa bwawani au ziwani.

Mita 11.5 kutoka katikati

Mchezo wa kuteleza majini ulizaliwa Marekani mwaka 1922, pale kijana Ralph Samuelson alipofanikiwa kusimama juu ya mbao mbili nyuma ya boti katika Ziwa Pepin, jimboni Minnesota, baada ya kujaribu na kuanguka mara nyingi. Miaka hamsini baadaye ulionyeshwa kwenye Michezo ya Olimpiki ya Munich mwaka 1972 kama mchezo wa maonyesho, bila kuingizwa katika orodha ya michezo ya medali. Slalomu ni tawi lake moja, na pengine ndilo lenye hesabu kali kuliko yote.

Uwanja wake ni mstari ulionyooka juu ya maji wenye urefu wa mita 259, kutoka lango la kuingilia hadi lango la kutokea. Boti hupita katikati ya mstari huo bila kupinda. Maboya sita ya kuzungukwa yamewekwa pembeni kwa zamu, moja kulia, jingine kushoto, kila moja likiwa mita 11.5 kutoka mstari wa katikati. Kwa hiyo mtelezaji hukata nyuma ya boti kutoka upande mmoja hadi mwingine, upana wa mita 23, na boti haimsubiri. Kwa wanaume kasi ya juu ya boti ni kilomita 58 kwa saa, na kwa wanawake ni kilomita 55. Kwa kasi ya 58, mita zote 259 huisha katika muda wa sekunde 16 hivi, na kutoka boya moja hadi jingine mtelezaji ana sekunde mbili na nusu tu.

Kamba ndefu kabisa ina urefu wa mita 18.25. Mshindani akizunguka maboya yote sita, inakatwa hadi mita 16, kisha 14.25, 13, 12, 11.25, 10.75, 10.25, na 9.75. Msomaji aliyezoea kupima kamba za nyavu atakuwa ameona tatizo mara moja. Boya liko mita 11.5 kutoka katikati. Kamba ya mita 11.25, hata ikinyooshwa yote kuelekea ubavuni, hailifikii. Kilichobaki lazima kitoke kwenye mwili wa mtu mwenyewe: mkono alionyoosha, bega, na mwili uliolala hadi karibu na maji, ili ubao ulio chini ya miguu yake upite nje ya boya huku mpini wa kamba ukibaki ndani. Kwenye kamba ya mita 9.75, pengo hilo ni la mita 1.75. Mwaka 2013, Mmarekani Nate Smith aliweka rekodi ya dunia kwa kuzunguka maboya mawili na nusu kwa kamba ya urefu huo.

Ufunguo wa yote hayo ni pembe. Mtelezaji mwenye kamba ya mita 18.25 akifika mita 11.5 pembeni, kamba yake huwa imetoka kwenye mstari wa boti kwa nyuzi 39 hivi. Kwa kamba ya mita 13, kufika palepale kunahitaji nyuzi 62. Kwa kamba ya mita 12, ni nyuzi 73, yaani mtelezaji anakaribia kuwa sambamba na boti, si nyuma yake. Mahali ni palepale na boya ni lilelile. Kilichobadilika ni mwelekeo ambao nguvu inapita.

Si misuli, ni wakati

Wanaoanza kufupishiwa kamba hudhani kwamba wanachohitaji ni nguvu zaidi. Dhana hiyo ndiyo inayowaangusha wengi. Kamba fupi humgeuza mtelezaji kuwa kama jiwe lililofungwa kwenye uzi na kubembea: uzi ukiwa mfupi, jiwe huenda na kurudi upesi zaidi, na hakuna atakayelichelewesha. Anayevuta kwa nguvu wakati usiofaa huongeza tu ukubwa wa kosa lake.

Kazi huanza kabla ya boya la kwanza. Mtelezaji hutoka nyuma ya boti, huenda pembeni na kupanda mbele mpaka awe juu kuelekea ubavu wa boti, hutulia hapo kwa muda mfupi mno, kisha hugeuka na kukata kupitia langoni. Kwa kamba ndefu, mtu anaweza kuingia langoni vibaya na bado akarekebisha mwendo kufikia boya la tatu. Kwa kamba fupi nafasi hiyo haipo. Kuchelewa kidogo langoni huwa kuchelewa zaidi kwenye boya la kwanza, na kufikia la tatu kamba na mtu huwa hawasikilizani tena.

Anapokata nyuma ya boti, mwili wake unapaswa kuwa mstari mmoja ulioegemea upande ulio mbali na boti: vifundo vya miguu, magoti, nyonga na mabega vikifuatana, mikono imenyooka, na mpini wa kamba ukiwa chini karibu na nyonga. Mkao huo hupitisha mvuto kwenye mifupa na miguu hadi kwenye ukingo wa ubao unaoshika maji. Mwanafunzi hufanya kinyume. Hukunja viwiko ili ajivute, makalio hubaki nyuma, na mabega huvutwa mbele kuelekea boti. Kwa kamba ya mita 18.25 mtu wa namna hiyo bado atafika upande wa pili, amechoka. Kwa mita 12, boti itamtoa kwenye mkao wake kabla hajafika katikati.

Kisha linakuja jambo ambalo ni gumu zaidi kulieleza kuliko kulifanya. Mvuto mkubwa unapaswa kufanywa mapema, tangu mtelezaji anapomaliza kuzunguka boya hadi anapofika nyuma ya boti. Akishavuka mstari wa katikati, aanze kuulegeza ukingo wa ubao na kuuacha mwendo umpeleke nje na juu, lakini bila kuuachia mpini: mikono yote miwili ibaki imeushika, karibu na mwili, kwa muda mrefu kadiri awezavyo. Anayeendelea kuvuta baada ya kuvuka katikati hufika kwenye boya akiwa na kasi iliyozidi, na kasi hiyo humpeleka mbele kuelekea boti. Anayeachia mpini mapema hupoteza upana, na boya hupita nje ya ubao wake.

Kwenye boya lenyewe, mkono mmoja huachia, mwingine hunyooka taratibu kuelekea boti, na ubao huzunguka. Macho hayalitazami boya. Yanatazama ng'ambo, kule anakokwenda, kwa kuwa mwili hufuata macho. Baada ya hapo hufuata subira. Akiwa na haraka ya kugeuka, ubao huelekea katikati kabla kamba haijakaza. Kamba hulegea, hulala juu ya maji kwa nusu sekunde, na kwa nusu sekunde hiyo mtelezaji hajisikii kuvutwa na chochote. Boti haijapunguza mwendo. Kamba inapokaza tena inakaza yote kwa mara moja, na mtu aliyesimama vizuri kabisa hujikuta amerushwa kichwa mbele.

Wateleza wazoefu huuogopa mlegeo huo kuliko wimbi. Mvuto mkali unaodumu wanaweza kuuegemea; mvuto unaokatika kisha ukarudi ghafla hauna cha kuegemea. Ndiyo maana yule anayefanya vizuri kwa kamba fupi huonekana, kwa mtazamaji aliye ufukoni, kama mtu asiye na haraka.

Jambo moja zaidi la mchezo huu linahusu boti, si mtelezaji. Kamba haifungwi nyuma kabisa kwenye tezi. Boti za slalomu hufungwa kamba kwenye mlingoti mfupi wa chuma uliosimama karibu na katikati ya boti, mbele ya usukani. Mtelezaji akivuta kuelekea ubavuni, sehemu ya nyuma ya boti haiburutwi naye, na dereva anaweza kuendelea kwenye mstari wake. Boti zenyewe ni nzito, zina injini yenye nguvu, na anayevutwa ni mtu mmoja. Tena, pembeni mwa dereva huketi mtu mwingine ambaye kazi yake ni kutazama nyuma, kwa kuwa dereva hawezi kutazama mbele na nyuma kwa wakati mmoja.

Hesabu hiyohiyo, boti nyingine

Katika Mweru hakuna sharti hata moja kati ya hayo linalotimia. Mtumbwi, ambao Wabemba huuita ubwato na majirani wa Kongo huuita pirogi, au boti ndefu ya faiba yenye injini ya kufungwa nyuma, huvuta chombo kinacholingana nacho kwa uzito au hata kukizidi, kikiwa na abiria, mihogo, magunia ya chisense waliokaushwa na pengine pikipiki. Kamba hufungwa nyuma, kwenye ubao unaobeba injini au kwenye kiti cha mwisho. Anayeendesha ndiye huyohuyo anayegeuka kutazama nyuma.

Wanaosafiri hivyo si wachache. Kati ya wasomaji wa Kiswahili katika wilaya ya Nchelenge wamo wafanyabiashara wanaovuka kutoka upande wa Kongo, na wamo waliokimbia mapigano katika majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika mwaka 2017, ambao wengi wao walihamishiwa katika makazi ya Mantapala yaliyofunguliwa mwaka 2018. Lugha yenyewe si ngeni ziwani: misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani ilikwisha kufika kwa Mwata Kazembe katika karne ya 19, na Livingstone alipopita huko mwaka 1867 alimkuta Mohammed bin Saleh, mfanyabiashara aliyekuwa amezuiwa kuondoka kwa miaka mingi. Hata jina la Kilwa, linaloitwa kisiwa upande wa Zambia na mji upande wa Kongo, humkumbusha mtu wa pwani nyumbani kwake.

Chukua mfano wa boti iliyozimika inayovutwa kwa kamba ya mita 10. Wimbi linaisukuma upande, na inatoka mita 5 nje ya mstari wa boti inayoivuta. Kamba sasa imetengeneza pembe ya nyuzi 30, na kwa pembe hiyo nusu ya nguvu yote iliyo kwenye kamba inavuta ubavuni, si nyuma. Wimbi la pili likiisukuma hadi nyuzi 60, karibu sehemu tisa kati ya kumi za nguvu hiyo zinavuta ubavuni. Hapo ndipo mtelezaji hufurahi. Boti ya mbao iliyojaa watu haina ubao wa kulaza wala magoti ya kukunja, na mvuto wa ubavuni huiinamisha hadi maji yaingie juu ya ukingo.

Sasa rudia mfano huohuo kwa kamba ya mita 30. Boti inatoka mita zilezile 5 nje ya mstari. Pembe haifiki nyuzi 10, na nguvu ya ubavuni ni sehemu moja tu kati ya sita. Wimbi ni lilelile na abiria ni walewale.

Kamba ndefu ina faida ya pili, na hii inahusu ule mlegeo unaoogopwa na wateleza. Katika mawimbi mafupi ya Mweru, boti moja hupanda wakati nyingine inashuka. Kamba hulegea, kisha hukaza kwa mshtuko. Ikiwa kamba ina uwezo wa kunyumbuka kwa sehemu moja ya kumi ya urefu wake, ile ya mita 10 hutoa mita moja kabla ya kugonga mwisho, na ile ya mita 30 hutoa mita tatu. Mita mbili hizo za ziada ndizo zinazopokea mshtuko ambao vinginevyo ungepokelewa na msumari, kiti au mkono wa mtu. Kamba za nailoni hunyumbuka vizuri lakini huzama. Kamba nyepesi za plastiki huelea, jambo jema kwa kuwa haziendi kujizungusha kwenye panga la injini, lakini kwa kawaida hunyumbuka kidogo zaidi na huchakaa kwa jua. Kamba ya zamani ya wavu iliyokwisha kuliwa na jua si kamba ya kuvutia boti yenye watu, hata kama inaonekana nene.

Ubaya wa kufunga mahali pasipofaa umewapata hata mabingwa wa kazi hiyo. Tarehe 19 Desemba 2007, katika Mto Clyde huko Uskoti, tagi lililoitwa Flying Phantom lilikuwa likiiongoza meli ya mizigo ndani ya ukungu mzito. Meli ililipita tagi, kamba ikageuka kutoka nyuma kwenda ubavuni, na tagi likalazwa na kupinduka. Watatu kati ya mabaharia wanne waliokuwamo walifariki. Hilo lilikuwa tagi lililojengwa kwa kazi ya kuvuta, lenye wafanyakazi waliofunzwa na kifaa cha kuachilia kamba. Kilichowaua ni kile ambacho mtelezaji wa slalomu hukitafuta kwenye kila boya: kamba iliyokaza, ikivuta kutoka upande.

Boti ndogo hukabiliwa na hatari mbili zinazopingana. Kamba ikifungwa karibu na katikati, usukani unabaki huru lakini mvuto wa ubavuni unaweza kuipindua boti, kwa sababu haina uzito wa boti ya slalomu. Kamba ikifungwa nyuma kabisa, hatari ya kupinduka hupungua lakini sehemu ya nyuma hushikwa, na boti hukataa kugeuka pale nahodha anapotaka kuukabili upepo. Njia inayotumiwa na mabaharia wa vyombo vidogo ni kufunga kipande cha kamba kwenye pembe zote mbili za nyuma, kulia na kushoto, kiwe kama mkufu mlegevu unaopita nyuma ya injini bila kuigusa, kisha kamba ya kuvutia ifungwe kwenye mkufu huo. Mvuto hugawanyika pande mbili, na hakuna pembe moja inayobeba yote. Kwenye boti inayovutwa, kamba ifungwe mbele na chini kadiri inavyowezekana, mahali ambapo ni sehemu ya mwili wa boti. Kiti kilichopigiliwa misumari miwili kitang'oka.

Mkao wa abiria nao una hesabu yake. Walio kwenye boti inayovutwa wakiketi chini, na uzito ukiwa zaidi nyuma, omo hunyanyuka kidogo na boti hufuata bila kuyumba. Wakijazana mbele ili waone kinachoendelea, omo huzama, boti huanza kutangatanga kulia na kushoto, na kila ikitoka pembeni pembe hukua. Jaketi la kuokolea maisha linapaswa kuvaliwa kabla kamba haijakaza, maana baada ya hapo mikono ya kila mtu huwa na kazi. Hakuna anayepaswa kusimama kwenye mstari wa kamba, mbele wala nyuma, kwa kuwa kamba inayokatika ikiwa imekaza hurudi kama fimbo. Wala hakuna anayepaswa kuizungusha mkononi ili aishike vizuri. Wateleza majini hukatazwa hilo siku ya kwanza kabisa ya mafunzo, kwa sababu ya vidole.

Mwendo uanze polepole mno, mpaka kamba ijinyooshe yenyewe, ndipo injini iongezwe kidogo kidogo. Boti mbili zikipanda na kushuka kwa wakati mmoja, urefu wa kamba unafaa. Moja ikipanda wakati nyingine inashuka, iongezwe au ipunguzwe mita chache hadi zilingane. Mtu mmoja kwenye boti ya mbele akae akitazama nyuma tu, na karibu yake kiwepo kisu kikali au shoka. Kamba ni mali, na mwenye boti hupata uchungu kuikata, lakini uamuzi huo unafaa kufanywa kabla ya kuondoka, si wakati boti imeshalala ubavu. Na mawimbi yakiwa makubwa kiasi kwamba haiwezekani kuvuta bila mishtuko, kuwahamisha abiria wachache wachache hadi boti nzima, au kutia nanga na kusubiri upepo utulie, kuna gharama ndogo kuliko kuendelea. Ziwa hili lina desturi ya kutulia nyakati fulani za siku, na wavuvi wake wanazijua kuliko mtu yeyote.

Karibu na ufuko mambo hugeuka. Kamba ya mita 30 iliyokuwa rafiki katika maji wazi huwa adui kati ya mitumbwi iliyoegeshwa Kashikishi, kwa sababu boti ya nyuma huzungushwa kwa mapana kila boti ya mbele inapokata kona. Hapo ndipo kamba inapofaa kufupishwa, mwendo ukiwa umepunguzwa hadi ule wa mtu anayetembea, au boti mbili zifungwe ubavu kwa ubavu. Boti iliyozimika haina breki. Ya mbele ikisimama, ya nyuma huja na uzito wake wote, na kamba iliyolegea huelekea moja kwa moja kwenye panga la injini. Inahitajika injini izimwe au inyanyuliwe mapema, kamba ikusanywe kwa mikono, na mtu mwenye upondo asimame tayari kwenye omo ya boti inayovutwa ili aizuie isigonge.